Kingamwili Pekee Hazitoshi: Kumbukumbu ya Kinga kwa Wachungaji wa Ngamia wa Gotu

Dai kwamba virusi vya korona vya ngamia, MERS, haviwapati wafugaji wa Kenya limerudiwa hadi likazoeleka. Nguzo yake ni uchunguzi wa Marsabit wa mwaka 2013: asilimia 90 ya ngamia 879 walikutwa na kingamwili, lakini kati ya watu 760 hakuna aliyethibitishwa kuwa nazo. Wapo wanaoyatandaza matokeo hayo hadi Isiolo, kwa wachungaji wanaonywesha mifugo yao katika mto Ewaso Nyiro pale Gotu. Napinga hatua hiyo. Uchunguzi ulifanywa vizuri, ila ulipima upande mmoja tu wa kinga.

Kuhusu ngamia hakuna ubishi: damu iliyohifadhiwa tangu 1992 ina kingamwili. Ubishi uko kwa binadamu.

Virusi vinapoingia mwilini, seli B hutengeneza kingamwili za kuvizuia. Seli T huangamiza seli zilizokwisha kuambukizwa. Kumbukumbu za pande hizi mbili hazidumu sawasawa. Baada ya mlipuko wa MERS wa Korea Kusini wa 2015, baadhi ya waliougua kidogo tu hawakuonyesha kingamwili hata mwaka haujaisha vizuri. Lakini waliopona SARS ya 2003, korona nyingine, walikuwa bado na seli T zinazoitambua miaka 17 baadaye.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Kano, Nigeria. Wafanyakazi 61 wa machinjio ya ngamia walipimwa, na hakuna aliyekuwa na kingamwili zenye uwezo wa kuzima virusi. Hata hivyo, 18 kati yao walikuwa na seli T zinazoitikia MERS. Kwa kipimo cha Marsabit, wote 61 wangeandikwa kuwa hawajawahi kuambukizwa. Watasema wapinzani kwamba seli hizo ni mabaki ya korona za mafua ya kawaida. Mafua hayachagui mchinjaji. Mbona watu wasiokaribiana na ngamia, waliopimwa kwa ulinganisho, hawakuonyesha mwitikio huo? Idadi ni ndogo, nakiri, lakini tofauti haifichiki.

Hoja nyingine ni kwamba virusi vya ngamia wa Afrika huzaliana kwa udhaifu katika mapafu ya binadamu. Ni kweli, na ndiyo inayoniunga mkono: maambukizi mepesi ndiyo yanayoacha kingamwili haba. Tena, katika machinjio moja ya Kenya mwaka 2022 na 2023, wafanyakazi 7 kati ya 48 walikuwa na dalili za kingamwili.

Naamini basi kwamba wachungaji wengi wa Gotu wamekwisha kukutana na virusi hivi bila kulazwa, wala kuhesabiwa. Hatujawaona kwa sababu tumepima kinachosafirika. Majimaji ya damu hugandishwa yakangoja miaka; seli T lazima zifike maabara zikiwa hai, na barabara ya Gotu haiharakishi kitu. Basi na tupime seli T za wachungaji hao: kazi ya kutenganisha seli ingefanyiwa Isiolo mjini, damu ikichukuliwa alfajiri kabla mifugo haijatoka. Kundi la ulinganisho lisitafutwe humo mjini, kwa kuwa maziwa mabichi ya ngamia huuzwa na kunywewa huko kila siku. Litafutwe kwa wakulima wa nyanda za juu za Meru.