Historia ya Elisabethville Iliyoandikwa na Maboi

Miongoni mwa maandishi yanayosimulia utawala wa Wabelgiji katika Katanga, liko moja ambalo halikutungwa na mmisionari, wala ofisa wa serikali, wala profesa, bali na watu waliowahi kupika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Andiko hilo, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lilikusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani, yaani wanaume waliokuwa watumishi wa nyumbani, likapigwa taipu na kurudufiwa katika kurasa thelathini na kitu. Jina lake la Kifaransa linaahidi orodha ya maneno, lakini ndani mna simulizi la mji mzima, tangu enzi za Mfalme Leopold II hadi uhuru, katika Kiswahili kinachosemwa Katanga.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika Septemba 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia madini likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi. Emile Wangermée, aliyesimamia upangaji wa mji, alichora barabara zilizonyooka za makazi ya Wazungu, na Waafrika wakatengewa eneo lao, lililoitwa *cité*. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 eneo hilo lilihamishiwa mbali zaidi, katika kitongoji cha Albert, ambacho sasa ni Kamalondo. Katikati uliachwa ukanda usiojengwa makazi, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu, kwamba mbu wanaobeba malaria kutoka kwa Waafrika wasiweze kuruka hadi vyumba vya Wazungu. Hoja hiyo haikueleza ni vipi mbu hao wangezuiwa kumfuata mpishi aliyeingia jikoni kila alfajiri.

Hapo ndipo ubaguzi wa rangi wa Elisabethville ulipojipinga wenyewe. Sheria ilimtaka Mwafrika awe na kibali akionekana usiku katika mji wa Wazungu, ilhali karibu kila nyumba ya Mzungu ilimhitaji Mwafrika wa kuchota maji, kupasha chakula, kulea watoto na kufungua lango. Suluhisho lilikuwa *boyeri*, kijumba kilichojengwa nyuma ya uwanja wa nyumba kubwa, ambamo mtumishi alilala karibu kiasi cha kusikia akiitwa, lakini nje ya macho ya wageni. Kazi ziligawanywa kwa ngazi: mpishi alikuwa na heshima yake, boi wa ndani alihudumia meza, mfuaji alishika nguo, na zamu, yaani mlinzi, alikesha nje. Watumishi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, wakiwa wamefuatana na waajiri waliosema Kiingereza, kwa maana katika miaka ya kwanza mji huo ulielekea kusini kuliko ulivyoelekea Brussels.

Kwa hiyo boi alivuka kila siku mpaka ambao wengine waliuona kwa mbali tu. Alijua mshahara wa bwana na ugomvi wake na mkewe, alijua nani amelewa na nani amefilisika, kisha Jumapili akarudi *cité* na habari hizo. Wazungu nao walikuwa na vitabu vyao vidogo vya Kiswahili, ambavyo sehemu kubwa ilikuwa amri za kumpa mtumishi: leta, ondoa, osha, harakisha. Andiko la Yav linachukua jina la kijitabu cha aina hiyo na kukijaza mambo ambayo bwana hakuwahi kuyauliza, yakiwemo malipo, chakula, safari ndefu nyuma ya bwana na majina ambayo Waafrika waliwapa waajiri wao. Haliishii kwenye malalamiko. Mara kwa mara mna fahari ya watu wanaojua kwamba bila wao Mzungu asingekaa Katanga hata mwezi mmoja.

Wakati wa kuliandika una maana yake. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, Wazungu wengi walikuwa wameondoka, na maboi wa zamani walibaki na ujuzi ambao soko lake lilikuwa limepungua. Mwaka 1966 jina Elisabethville lenyewe lilifutwa, hivyo andiko hilo likawa miongoni mwa maandiko ya mwisho kuandikwa mji ukiwa bado na jina hilo. Tofauti na riwaya maarufu ya Ferdinand Oyono kuhusu boi wa Kameruni, *Une vie de boy* ya mwaka 1956, iliyoandikwa kwa Kifaransa, kazi ya Yav haina mhusika mkuu mmoja. Msemaji wake ni kundi zima la watumishi, na msomaji wake wa kwanza alikuwa boi mwenzake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Kikwazo kikubwa kilikuwa tahajia, kwa kuwa maneno yameunganishwa mahali pasipotarajiwa au kukatwa katikati, na Kifaransa kimeandikwa kwa kufuata sikio. Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Katanga, alilisoma kwa sauti, na sentensi zilizoonekana fujo kwenye karatasi zikarudi kuwa mazungumzo yanayoeleweka. Mwanahistoria akilinganisha andiko hilo na nyaraka za serikali atakuta tarehe na matukio yasiyolingana, na kwa sababu hiyo wengine wamelishusha thamani. Kipimo hicho hakiwatendei haki watunzi, kwani nyaraka za serikali zilihesabu watumishi bila kuwauliza chochote, na kuhusu yale yaliyopita kati ya jiko na *boyeri* hazina cha kulinganishwa nacho.