Abraham Coles

Abraham Coles (26 Desemba 1813 – 3 Mei 1891) alikuwa daktari, mshairi na mfasiri wa Marekani, anayekumbukwa hasa kwa kuzitia nyimbo za ibada za Kilatini katika mashairi ya Kiingereza. Alizaliwa Scotch Plains, jimbo la New Jersey. Kabla ya kushika utabibu alifundisha Kilatini na hesabu Plainfield, kisha akasoma sheria kwa muda mfupi mjini Newark. Alihitimu katika Chuo cha Tiba cha Jefferson, Philadelphia, mwaka 1835, na mwaka uliofuata akaanza kutibu wagonjwa Newark. Alimwoa Caroline Ackerman mwaka 1842, lakini mkewe alifariki mwaka 1845. Mwana wao, Jonathan, naye alikuja kuwa daktari.

Shairi lililomshika Coles maisha yake yote ni Dies Irae, yaani “Siku ya Hasira”, linalosimulia hukumu ya mwisho. Ni la karne ya 13, na kwa desturi hudhaniwa kuwa la Thomas wa Celano, mtawa Mfransisko. Kwa karne nyingi liliimbwa katika misa ya wafu, na Mozart na Verdi walilitungia muziki. Kinachomtesa mfasiri ni umbo lake. Ubeti una mishororo mitatu, kila mshororo una mizani 8, na yote mitatu inafunga kwa kina kimoja. Msomaji wa tenzi ataona mara moja jinsi nafasi ilivyo finyu: mizani ni ileile, ila hapa hakuna mshororo wa nne wa kumpumzisha mtunzi. Kilatini kina vina tele kutokana na viishio vya maneno yake. Kiingereza hakina utajiri huo, hasa wa vina vya silabi mbili ambavyo shairi hili linadai.

Tafsiri yake ya kwanza ilitoka katika gazeti la Newark mwaka 1847. Miaka mitano baadaye, beti mbili ziliingia katika Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe dhidi ya utumwa. Ni pale St. Clare, bwana mwenye watumwa aliyechelewa kuwapa uhuru, anapoimba Kilatini kutoka katika kitabu cha muziki cha marehemu mama yake, jioni ileile atakayochomwa kisu. Stowe hakumtaja mfasiri, na alidokeza kwamba Kiingereza hicho hakikuufikia wimbo wenyewe. Hukumu hiyo ilikuwa kali mno kwa kazi iliyohifadhi vina na mizani bila kuvunja maana. Hata hivyo, riwaya hiyo iliuzwa kwa wingi mno, na beti hizo zimesomwa na watu wengi kuliko kitu kingine chochote alichoandika Coles.

Yeye mwenyewe hakuridhika na tafsiri moja. Mwaka 1859 alichapisha kitabu chenye tafsiri 13 za shairi hilohilo, zote za mkono wake, na baadaye akaongeza nyingine. Baadhi zinafuata umbo la asili kwa ukamilifu. Nyingine zinabadili mwendo. Mtu akizisoma kwa kufuatana, anaona wazi bei ya kila uamuzi: kina kinapopatikana, picha fulani inafifia, picha inaporudi, mwendo unalegea. Ni wafasiri wachache waliothubutu kuanika kazi yao namna hiyo.

Utabibu wake nao haukukaa mbali na ushairi. Mwaka 1848 alikuwa Paris, akijifunza katika hospitali za mji uliokuwa katika mapinduzi. Chama cha Madaktari cha New Jersey kilipotimiza miaka 100, mwaka 1866, aliwasomea wenzake The Microcosm, shairi refu kuhusu mwili wa binadamu na viungo vyake.

Alifasiri pia Stabat Mater, na mwaka 1885 akatoa Zaburi za Kiebrania katika mashairi ya Kiingereza. The Evangel ya 1874, inayosimulia maisha ya Yesu kwa beti, ina elimu nyingi kuliko uhai. Alifariki Monterey, California. Anayetaka kumjua Coles na aanze na kile kitabu cha 1859.