Historia ya Saa Zinazohimili Sumaku, Kutoka Relini Hadi Laini Saba

Saa ya mkono inayohimili sumaku ni saa ya kutia ufunguo, au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, iliyoundwa ili uga wa sumaku usivuruge mwendo wake. Ndani ya saa ya namna hii kuna gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi bila kupumzika, likivutwa na kamani nyembamba mno iliyojiviringa kama konokono. Katika saa nyingi za mkono gurudumu hilo hupiga kati ya mapigo 18,000 na 28,800 kwa saa moja. Kamani ikiwa ya chuma cha kawaida na ikashika sumaku, mizunguko yake hunatana. Urefu unaofanya kazi hupungua, gurudumu huenda mbio, na saa hutangulia kwa dakika nyingi kwa siku. Sumaku ikizidi, saa husimama kabisa. Ndiyo maana fundi akiletewa saa iliyoanza kukimbia ghafla, na haikuanguka wala haikuingia maji, sumaku ndiyo hushukiwa kwanza.

Ardhi yenyewe ina sumaku yake, lakini Nairobi nguvu hiyo ni kama theluthi moja tu ya gauss, kipimo cha nguvu ya sumaku, na saa haiisikii. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 764 hudai kwamba saa inayoandikwa neno la kuhimili sumaku iwekwe katika uga wa ampea 4,800 kwa mita, yaani gauss 60 hivi, iendelee kutembea, na baada ya hapo isipotoke kupita sekunde 30 kwa siku kwa saa ya ukubwa wa kawaida. Kiwango hicho kilitosha zamani, wakati sumaku zenye nguvu zilikuwa viwandani na katika mitambo ya umeme tu. Ukiishikiza saa kwenye mgongo wa spika kubwa ya leo, hakitoshi.

Tatizo lilianza na umeme. Katika karne ya 19, dainamo na mota zilipoenea Ulaya na Marekani, wahandisi waligundua kuwa saa zao za mfukoni zinapotoka kila walipokaribia mitambo. Fundi wa Uswisi Charles-Auguste Paillard alijaribu kamani za aloi ya paladiamu, madini yasiyonaswa na sumaku, na kampuni kadhaa zikazitumia. Hatua kubwa zaidi ilitoka kwa Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa. Mwaka 1896 alitangaza Invar, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana kwa joto, kisha akaunda Elinvar, ambayo mnyumbuko wake haubadiliki ovyo. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Alichokuwa akipigana nacho hasa ni joto, lakini aloi za aina hiyo zilikuja pia kupunguza sana udhaifu wa kamani mbele ya sumaku.

Mwaka huohuo wa 1896 ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa. Ulifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Reli na saa haziachani. Njia ikiwa moja, treni mbili hupishana stesheni tu, na dakika chache za makosa ni roho za watu. Marekani ilijifunza jambo hilo kwa uchungu huko Kipton, Ohio, mwaka 1891, treni mbili zilipogongana kwa sababu saa ya dereva mmoja ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Baada ya ajali hiyo Webb C. Ball alikabidhiwa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na kanuni alizoziweka zikaenea.

Kando ya Nairobi hiyo ya reli ndipo Kibra, iitwayo pia Kibera, ilipozaliwa. Wanajeshi wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo, walianza kukaa katika msitu uliokuwa hapo tangu 1904, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Jina la Laini Saba huhusishwa na mistari ya shabaha ambako askari walifundishwa kulenga. Reli ya kwenda Kisumu hupita katikati ya Kibera, na Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vilivyokua kandokando yake. Mahali hapa, basi, paliunganishwa mapema na taasisi mbili zilizoipa dunia saa ngumu: jeshi na reli.

Saa ya kwanza ya mkono iliyouzwa kwa wingi kwa sifa ya kuhimili sumaku ilitolewa na Tissot mwaka 1930, ikiitwa Antimagnétique. Katika muongo huohuo Reinhard Straumann aliunda aloi ya Nivarox, ambayo haipati kutu wala haishiki sumaku kwa urahisi, nayo ikawa kamani ya kawaida ya saa za Uswisi. Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza haraka. Ndani ya ndege kulijaa rada, redio na mota, na saa ya mwongozaji wa ndege ikipotoka, ndege hupotea njia. Ndipo Jeshi la Anga la Uingereza likaagiza saa ya Mark 11 kutoka IWC na Jaeger-LeCoultre, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Nairobi nayo ilikuwa na kituo cha jeshi hilo, Eastleigh, ambacho leo ni kambi ya anga ya Moi.

Ujanja wa Mark 11 ni wa kueleweka hata na asiyekuwa fundi. Mashine ya saa hufungiwa ndani ya kasha la pili la chuma laini, na hata uso wa saa hutengenezwa kwa chuma hicho. Sumaku hupendelea kupita ndani ya chuma laini kuliko hewani, kwa hiyo huzunguka kwenye ganda hilo na kuiacha mashine salama. Gharama yake ni kwamba saa inakuwa nene na nzito, haifai kuwekewa kioo mgongoni, na hata tundu la tarehe usoni hupunguza kinga.

Miaka minne, 1955 hadi 1958, ndiyo kilele cha ganda la chuma laini. IWC ilitoa Ingenieur mwaka 1955. Rolex ikatoa Milgauss mwaka 1956, ikitajwa kuhimili gauss 1,000, na wanasayansi wa kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, karibu na Geneva, wakahusishwa nayo. Mwaka 1957 ulileta Omega Railmaster, iliyokusudiwa hasa watu wa reli na wote wanaofanya kazi karibu na umeme. Mwaka 1958 Jaeger-LeCoultre ikatoa Geophysic kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia.

Railmaster inastahili kuangaliwa kutoka upande wa Kibera. Ilipotoka, reli ya Afrika Mashariki ilikuwa bado mikononi mwa mvuke. Injini za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, na dereva wake hakuwa na mota ya umeme ya kumsumbua. Mambo yalibadilika kuanzia 1960, zilipowasili injini za dizeli za English Electric. Katika injini ya aina hiyo dizeli huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota zilizofungwa kwenye magurudumu. Tatizo ambalo wahandisi wa Ulaya walikuwa wamelipigania tangu karne ya 19 sasa lilipita Kibera kwenye reli yenyewe. Injini mbili za Garratt, Mount Gelai na Mount Shengena, bado zinaonekana katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971.

Wajapani walichukua njia nyingine. Seiko 5, iliyoanza 1963, haikuwa na ganda la chuma laini. Ilitegemea aloi nzuri ya kamani. Lakini ilijijaza yenyewe, ilionyesha siku na tarehe, na bei yake ilifikiwa na karani na mwalimu. Kwa Afrika Mashariki saa hiyo ina uzito zaidi kuliko Milgauss na Ingenieur zikiwekwa pamoja, kwani ndiyo iliyovaliwa, ikarithiwa, na ikafunguliwa na mafundi wa vibandani hadi wakaijua kwa vidole.

Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, iendeshwayo kwa betri, kuuzwa, na miaka iliyofuata biashara ya saa za kutia ufunguo ikaanguka. Saa ya betri yenye akrabu huweza kusimamishwa na sumaku, kwa sababu ina mota ndogo ndani, lakini ikiondolewa hapo huendelea. Saa ya tarakimu, kama Casio F-91W ya mwaka 1989, haina hata mota hiyo. Hoja ya kulipia ganda zito ikadhoofika, na mwaka 1988 Milgauss ikaachwa.

Kisha sumaku zenyewe zikabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilivumbuliwa sumaku ya neodimiamu, ndogo na kali kuliko zote zilizotangulia, na leo imo katika simu, vipokea sauti, spika na vifungo vya mikoba na vifuniko vya simu. Hapo ndipo tatizo la mhandisi lilipogeuka kuwa la kila mtu. Anayepanda matatu ya Kibera na kuegemeza mkono kwenye spika, au anayelaza saa juu ya simu usiku, huiweka saa yake katika hatari ambayo zamani ilimkabili fundi wa mitambo peke yake.

Watengenezaji kadhaa walijibu kwa kuacha ganda na kubadilisha viungo vyenyewe. Kamani za silikoni, ambazo sumaku haziwezi kuzigusa, zilianza kuingia sokoni katika miaka ya 2000. Mwaka 2013 Omega ilitoa saa inayohimili zaidi ya gauss 15,000, yaani tesla 1.5, sawa na nguvu ya mashine nyingi za MRI za hospitali. Milgauss ilirudi 2007 na kuondolewa tena 2023. La maana zaidi kwa mtu wa kawaida ni aloi ya Nivachron, yenye titani, iliyotangazwa 2018 na kuwekwa hadi katika saa za bei nafuu za Swatch.

Vitabu vingi vya saa huishia hapo, na huo ni upungufu. Duniani saa nyingi za kutia ufunguo zinazotembea leo si za tesla 1.5. Ni kuukuu, za mtumba au za urithi, na kinga yake ni fundi. Kazi yake ni rahisi kwa anayeijua. Huisogeza saa karibu na dira ndogo. Sindano ikicheza, saa imeshika sumaku. Huiweka juu ya kifaa chenye koili ya umeme wa mkondo geu, hukibonyeza, kisha huiondoa saa polepole hadi mbali, na sumaku hufifia. Haichukui dakika mbili, na saa haifunguliwi.

Mwenye saa ya kutia ufunguo, awe Laini Saba au kwingineko, aiweke mbali na spika, simu na vifungo vya sumaku, kwani umbali wa shubiri moja hupunguza sana nguvu ya sumaku. Ikianza kukimbia, asikubali ifunguliwe wala ibadilishwe kiungo kabla haijapimwa kwa dira.