Idadi ya mipangilio ya igisoro

Idadi ya mipangilio ya igisoro ni namba nzima inayohesabu njia zote za kugawa kete 64 zinazofanana katika mashimo 32 ya igisoro, mchezo wa jamii ya bao unaochezwa hasa Burundi na Rwanda. Hupatikana kwa 95! ÷ (31! × 64!), na ni takriban 9.9 × 10²⁴, yenye tarakimu 25. Ni namba witiri inayoishia na 5. Ni zao la namba tasa 17 zisizojirudia: 3, 5, 11, 13, 17, 19, 23, 37, 41, 43, 47, 67, 71, 73, 79, 83 na 89, hivyo haigawanyiki kwa mraba wa namba tasa yoyote. Namba hii ni kikomo cha juu tu: mpangilio wenye kete zote 64 katika shimo moja, kwa mfano, umehesabiwa ingawa hauwezi kutokea mchezoni. Bao la Kiswahili, lenye mashimo na kete idadi hiyohiyo, lina kikomo kilekile kete zote zikishaingia ubaoni.