Somo la Leo: Jicho Vivu

Jicho vivu halina maumivu wala wekundu. Ubongo wa mtoto hulizoea jicho moja na kulitupa la pili. Mwaka 1743 Buffon wa Ufaransa alishauri makengeza yatibiwe kwa kuziba jicho zima, ili lile dhaifu lifanye kazi. Mwaka 1862 Snellen wa Uholanzi akatoa ubao wa herufi.

Habari za Trans Nzoia, Kenya, zilitolewa mwaka 2018. Walimu wa shule 25 walipima macho kwa simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe: katika kila watoto 100 waliotumwa hospitali, 54 walifika. Katika shule 25 zilizotumia ubao na karatasi, walifika 22.

Basi mzazi, usingoje mwanao alalamike. Mpeleke apimwe jicho mojamoja mapema. Baada ya miaka 7 matibabu huwa magumu.