Karimjee: Biashara Iliyopigwa Isianguke

Kila tarehe 9 Desemba tunawasimulia watoto wetu wa London habari za Mwalimu Nyerere, bendera mpya na Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro. Mwaka huu tuwaongezee habari za jengo moja: Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Humo ndimo lilimokaa Bunge la Tanganyika huru, na Spika wake wakati wa Uhuru, 1961, alikuwa Abdulkarim Karimjee, mtu wa familia ileile iliyoutoa ukumbi huo.

Ukoo huu ulianza biashara Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia Jivanjee Buddhaboy, Mbohora kutoka Kutch, India. Kampuni yenyewe huhesabu umri wake tangu 1825. Waliuza karafuu, pembe za ndovu na nguo, kisha wakavuka bara na kuwa miongoni mwa wenye mashamba makubwa ya mkonge. Sisi wauguzi tunawakumbuka kwa jambo jingine: hospitali ya Unguja waliyoichangia iliitwa kwa jina lao. Baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin, na leo ni Mnazi Mmoja.

Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar. Baada ya hapo bei ya mkonge ikaporomoka, kwa kuwa dunia ilianza kutumia kamba za plastiki. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mashamba mengi ya mkonge, ya familia hii yakiwemo, yakataifishwa. Mwaka 1971 ikawa zamu ya majumba ya kupangisha.

Tuwaambie watoto ukweli wote. Wazazi wetu wengi walisoma bila ada kwa sababu ya siasa ileile iliyowanyang'anya wengine mashamba na nyumba. Wahindi wengi wa pwani walifunga virago, na baadhi yao ndio majirani zetu hapa London. Uhuru wetu ulikuwa na furaha, na ulikuwa na watu waliopoteza.

Akina Karimjee waliiendeleza biashara nchini. Wodini tunaijua kazi hii: mgonjwa akiletwa na majeraha mengi, huyatibu yote kwa mara moja. Unazuia damu kwanza, unalinda pumzi, kushona kunafuata. Mashamba yalipokwenda, walishika kilichobaki, hasa biashara ya magari ya Toyota waliyoianza miaka ya 1960. Nayo haikuwa rahisi. Mafuta yalipanda bei 1973, vita vya Kagera vikaja 1978, na fedha za kigeni zikawa adimu. Utaagizaje gari bila dola? Ilibidi kungoja, kutunza wateja na mafundi, mpaka milango ya biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Mwinyi. Leo, kijijini kwetu, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku mara nyingi hupakiwa kwenye Land Cruiser.

Wengi wetu hapa tuna duka la vyakula, saluni au kampuni ndogo ya usafi. Tulifungiwa na korona 2020. Hatujakaa sawa, bili za umeme zikapanda 2022. Tusiwadanganye watoto kwamba matumaini peke yake hulipa kodi ya pango. Historia hii inafundisha mambo matatu: usitegemee zao moja, kilichokwenda kikubali mapema ili mikono ibaki huru kushika kilichopo, na ukipata, jenga kitu cha wote. Mashamba yalichukuliwa na jina la hospitali likabadilishwa, lakini wagonjwa wangali wanatibiwa Mnazi Mmoja na ukumbi ungali umesimama. Mkienda likizo Dar, wapelekeni watoto wakauone.

Heri ya Siku ya Uhuru, ndugu zetu.