Jinsi ndege inavyosimama kwenye njia yenye theluji

Ndege kubwa ya abiria hugusa ardhi ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na haina budi kusimama kabla ya mwisho wa njia. Kazi hiyo hufanywa na vitu vitatu. Kwanza ni vibao vinavyoinuka juu ya mabawa na kuvunja nguvu inayoibeba ndege hewani, ili uzito wote uyakandamize magurudumu. Pili ni breki. Tatu ni msukumo wa kinyume, yaani hewa itokayo kwenye injini kuelekezwa mbele badala ya nyuma.

Njia ikiwa kavu, breki ndizo hubeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, breki hutegemea msuguano baina ya gurudumu na lami, na theluji au barafu huupunguza mno. Upo mtambo unaoilegeza breki gurudumu likikaribia kujifunga, ila hauwezi kuleta msuguano usiokuwapo. Hapo msukumo wa kinyume, usiotegemea lami hata kidogo, huwa tegemeo kuu. Nao hufaa zaidi kasi ikiwa bado kubwa.

Mkasa wa Chicago, Marekani, wa Desemba 8, 2005, unalidhihirisha jambo hilo. Jioni hiyo, theluji ikianguka, Boeing 737 ya shirika la Southwest ilitua Midway, uwanja wenye njia fupi uliozungukwa na makazi ya watu. Upepo ulivuma kutoka nyuma, na ripoti kuhusu njia zilitofautiana: kuna zilizosema breki zinashika kiasi, na zilizosema zinashika vibaya. Kompyuta ya marubani ilionyesha kuwa ndege ingesimama kabla ya mwisho wa njia, lakini hesabu hiyo ilichukulia kwamba msukumo wa kinyume ungetumika mara tu baada ya kutua. Ulikuja takriban sekunde 18 baadaye. Ndege ilipitiliza, ikabomoa ua, ikaingia barabarani na kugonga gari. Mvulana wa miaka sita aliyekuwa garini alifariki.

Mnamo 2007, Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilihitimisha kuwa chanzo kilikuwa marubani kutotumia msukumo huo kwa wakati. Walikuwa wakitumia kwa mara ya kwanza breki zinazojikaza zenyewe, na hilo likawaondolea makini. Bodi ilitaka hesabu ifanywe kwa hali halisi kabla ya kila kutua, na masafa yaongezwe kwa angalau asilimia 15.

Baadaye, miishoni mwa njia za Midway yaliwekwa matofali mepesi yanayobonyea chini ya magurudumu na kuidaka ndege. Aidha, tangu Novemba 2021 upo mfumo mmoja wa kimataifa wa kuripoti hali ya njia. Kila thuluthi ya njia hupewa nambari: 6 ni kavu, nayo 0 ni pale ambapo breki karibu hazishiki kabisa na ndege haifai kutua.

Rubani akipewa nambari ya chini, anaweza kuzunguka angani hadi theluji iondolewe, au kuelekea uwanja mwingine. Abiria hunung'unikia uamuzi huo. Wakumbuke kwamba wanaolindwa si wao tu, bali pia wapitao barabarani nje ya ua.